Kwa nini bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai mwezi wa Desemba?

Binamu yangu wa Nairobi aliniuliza aje Malindi lini apate kuogelea kwenye maji safi. Nikamjibu kwa uhakika wa mtu aliyezaliwa hapa: njoo Desemba, usije masika. Masika mto hufurika, humwaga tope, bahari ikachafuka. Desemba kaskazi imeshaingia, maji yametulia, jua tele. Akakata tiketi. Asubuhi ya kwanza tuliposhuka ufuoni, maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa iliyochemshwa mno, tangu miguuni petu hadi mbali kule macho yanakokomea. Akayatazama maji, akanitazama mimi, akayatazama tena. Hakuoga.

Tope lenyewe halina siri. Kilomita chache kaskazini mwa mji, Mto Sabaki unaingia baharini. Ni mto mmoja wenye majina matatu: juu huitwa Athi, ukishapokea maji ya mto Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia pwani ndipo unapokuwa Sabaki. Maji yake yanaanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, yanapita Ukambani kwenye udongo mwekundu, yanakatiza Tsavo, halafu yanatufikia sisi. Kwa hiyo mvua inayobadilisha rangi ya bahari ya Malindi aghalabu hainyeshi Malindi. Inanyesha Machakos, nasi tunaipokea siku kadhaa baadaye, ikiwa na shamba la mtu ndani yake.

Wapo wageni wanaodhani ile rangi ni maji taka ya mahoteli. Hapana, ni udongo. Ingawa, tuseme kweli, mito ya Nairobi nayo humwagikia Athi, na kila anayeokota chupa za plastiki mlangoni mwa Sabaki anajua kwamba udongo hausafiri peke yake.

Kosa langu lilikuwa la namna nyingine, na lilikaa kichwani miaka mingi kwa sababu lilisimama kwa miguu miwili. Mguu wa kwanza ni hesabu nyepesi: mvua nyingi, tope jingi, masika ndiyo mvua kubwa, basi masika ndiyo msimu wa tope. Mguu wa pili ni neno. Tangu utotoni niliwasikia wavuvi wakirudi mapema mwezi wa Mei au Juni, wakivuta mashua juu na kusema, "Bahari imechafuka." Nami, mtoto wa mjini nisiyevua hata dagaa, nikaelewa nilivyoelewa: imekuwa chafu. Sikujua kwamba kwa baharia, bahari iliyochafuka ni iliyokasirika, yenye mawimbi na upepo, hata kama maji yake ni meupe kama kioo. Kinyume chake ni bahari shwari, hata ikiwa nzito kama uji. Siku ile ya binamu nilimuuliza mzee mmoja nahodha, aliyekuwa amekaa kwenye mchanga akishona wavu, kama bahari imechafuka. Akainua macho, akayaangalia yale maji ya chai, akaniambia, "La, mwanangu. Leo shwari kabisa."

Kumbe nilikuwa nimechukua neno la mawimbi nikalifanya la tope, kisha nikalibebesha msimu usio wake.

Jambo ambalo ile hesabu yangu iliacha nje ni upepo. Mfikirie mama anayekaanga viazi vya karai kwenye kona ya mtaa. Kushoto kwake ana jirani, na kulia ana mwingine. Kuni zake zikiwa mbichi moshi unakuwa mwingi, zikiwa kavu unakuwa kidogo. Lakini jirani wa kushoto hana haja ya kujua ni kuni ngapi zimetiwa. Anachotaka kujua ni upepo unaelekea wapi. Siku upepo unapotoka kwake, mama anaweza kuchoma gunia zima la kuni mbichi na nguo za jirani huyu zikakauka bila harufu, huku wa kulia akifunga madirisha. Upepo ukigeuka, hata moshi kidogo unatosha kumtoa machozi.

Mlango wa Sabaki ndio lile jiko. Jirani wa kaskazini ni Mambrui, wa kusini ni Malindi. Na pwani yetu ina bahati, au mkosi, ya kuwa na upepo unaogeuka kwa zamu. Kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba huvuma kusi, na mkondo wa bahari unakwenda kaskazini kwa nguvu. Tope lote la masika linabebwa kuelekea Mambrui na Ngomeni. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, na maji ya juu yanasukumwa kurudi kusini, hadi ghuba ya Malindi. (Upepo wa kaskazi hupeleka vitu kusini, na wa kusi hupeleka kaskazini. Mwanafunzi wa jiografia aliyekwama hapo nina huruma naye.) Ni pepo zile zile zilizoujenga mji huu kwa biashara, na zile zile ambazo Vasco da Gama alizitumia Aprili 1498 kuondoka hapa kwenda Calicut.

Utauliza: tope si zito? Kwa nini lisizame palepale mlangoni, lisafiri kama moshi? Hapa itabidi tutoke jikoni kwa mama wa viazi twende kwenye nazi. Ukikamua tui ukaliacha litulie, lile zito lenye mafuta linapanda juu na maji yanabaki chini, kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji. Maji ya mto nayo, kwa kukosa chumvi, ni mepesi kuliko ya bahari. Yanapoingia baharini hayachanganyiki mara moja. Yanatandaa juu kama tui, tabaka jembamba lenye rangi, na chini yake bahari inaweza kuwa safi. Tabaka la juu ndilo linaloguswa na upepo kwanza. Ndiyo maana upepo una usemi mkubwa kiasi hiki.

Lakini safari ya tope ina mwisho, na chumvi ndiyo inayoumaliza. Chembe za udongo wa mfinyanzi ndani ya maji ya mto hubeba chaji ya umeme ya aina moja, kwa hiyo zinasukumana, kila moja inakaa mbali na mwenzake na zote zinaelea. Chumvi ya bahari inaizima ile chaji. Chembe zinaanza kushikana, zinakuwa madonge madogo, na madonge yanazama. Aliyewahi kukamulia ndimu kwenye maziwa akaona yanavyokatika ameliona jambo linalofanana na hili. Kadiri tabaka la mto linavyozidi kuchanganyika na bahari, ndivyo tope linavyozidi kukatika na kuanguka. Kwa kawaida Watamu, kilomita 20 hivi kusini mwa Malindi, huwa mbali vya kutosha, na ndiyo sababu Desemba ile ile unaweza kukuta maji ya chai huku na maji ya buluu kule.

Sasa tafuta pale ambapo mambo yanakutana. Vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba. Kwetu pwani vuli ni mvua ya kando, lakini Ukambani ndiyo mvua ya kutegemewa. Inaikuta ardhi iliyokauka tangu Juni, nyasi zimeliwa na mifugo, mashamba yamelimwa na bado hayajaota kitu. Matone ya kwanza yanauchukua ule udongo ulio wazi. Tope hilo linafika mlangoni mwa Sabaki karibu na wakati ule ule upepo unapogeukia kwetu. Na ni wakati ule ule mahoteli yanapojaa, na wahudumu wanapokoleza Kiitaliano chao.

Haya si maneno ya wavuvi peke yao. Mwaka 1984 mtafiti W. H. Brakel alichapisha uchambuzi wa picha za setilaiti za Landsat, na lile doa la Sabaki lilionekana kutoka angani likibadili upande kufuatana na misimu ya upepo.

Hata hivyo sitaki kubadilisha uhakika wangu wa zamani kwa mwingine wa aina ile ile. Mkondo uendao kaskazini hukutana na ule utokao Somalia, wakati wa kaskazi, si mbali na hapa, na mahali pa kukutana husogea. Kwa hiyo zipo siku za kaskazi ambazo upepo unasukuma huku na mkondo unavuta kule. Tena masika ya bara huanza Machi, kabla kusi haijashika, katika majuma ya tanga mbili ambapo upepo haujui unakotaka kwenda. Tope la wakati huo linaweza kwenda kokote, Malindi ikiwemo. Na mwaka ambao vuli imekosekana, Desemba inaweza kuwa safi kabisa. Hesabu yangu ya mvua haikuwa uongo mtupu, basi. Ilikuwa nusu ya jibu.

Kuna shahidi mwingine, naye ni jiwe. Matumbawe hujijengea mifupa ya chokaa tabaka juu ya tabaka, mwaka hadi mwaka, kama pete za mti. Udongo wa mtoni hubeba bariamu, aina ya metali, chumvi huibandua, na tumbawe hujenga nayo bila kujua kwamba linaandika shajara. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Dominik Fleitmann walisoma tumbawe la Malindi lenye kumbukumbu ya miaka 300 hivi. Kati ya 1700 na 1900 tope la Sabaki lilikuwa karibu lile lile. Kuanzia mwaka 1900 likaanza kupanda kadiri ardhi ya juu ilivyozidi kulimwa, na kilele kikawa kati ya 1974 na 1980, mara tano hadi kumi ya kiwango cha asili, pale ukame mkali ulipofuatwa na mafuriko.

Ungetarajia kwamba matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, yamekwisha. Hayakwisha. Tim McClanahan na David Obura waliandika mwaka 1997 kwamba tope halikuwa limepunguza matumbawe kama ilivyohofiwa. Kilichobadilika zaidi ni aina zake, wavumilivu wakipata nafasi. Pigo kubwa lilikuja mwaka 1998, nalo halikutoka mtoni: maji yalipata joto kupita kiasi, matumbawe mengi yakawa meupe na kufa.

Mchanga unaokuja na lile tope nao hauendi bure. Ufuo wa mji umezidi kupanuka, na hoteli zilizojengwa ziangalie maji sasa zinaangalia vilima vya mchanga, huku wageni wakitembea kwa viatu mkononi hadi wayafikie mawimbi. Mchanga huo humeta juani, na kila mwaka yupo mtoto anayejaza chupa akiamini ni dhahabu.

Binamu alirudi, safari hii mwishoni mwa Februari. Kaskazi bado ilikuwa inavuma kuelekea kwetu, lakini mto ulikuwa umenywea, jiko halina kuni. Maji yalikuwa ya kijani, si buluu ya kwenye picha. Aliogelea siku tatu, akalalamikia jua.