Ulimbukeni si ushamba, wala si israfu

Wiki iliyopita dada yangu alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne kutoka Songea, kumhusu binti yake anayefanya kazi Dar es Salaam. Neno "ulimbukeni" nililihesabu mara sita. Mara ya kwanza lilihusu kochi, ya pili wigi, ya tatu godoro, na zile tatu za mwisho lilimhusu mtoto mwenyewe, kuanzia utosini hadi kwenye nyayo. Wala si dada peke yake. Siku hizi kila msichana aliyeshukia Stendi ya Magufuli na begi moja, baada ya miezi akaonekana na kiatu kipya, basi ni limbukeni. Neno zuri limegeuzwa tusi la kurushia watoto wa watu.

Limbukeni ni mtu aliyekipata kitu kwa mara ya kwanza, kisha kitu kile kikamzidi nguvu: anakitumia kwa pupa, anakionyesha kwa watu, anakitaja hata pasipo na haja. Ulimbukeni ni hali hiyo. Maana yenyewe imeishia hapo. Tunakopotezana ni kwenye asili ya neno, kwa sababu wengi wanalitumia bila kukumbuka kwamba limetoka shambani.

Kulimbuka ni kuonja mazao mapya ya msimu. Aliyekulia kwenye mahindi anaijua jioni ile. Gunia la mwaka jana limebaki vumbi, nyumba nzima imechoshwa na ugali wenye harufu ya dumuzi, halafu mama anarudi kutoka bondeni na mahindi mabichi manane ameyafunga kwenye khanga. Yanachomwa papo hapo. Hakuna anayesubiri yapoe. Watoto wanaunguza midomo, wanapuliza, wanauma tena, na aliyepata lenye punje nyingi analizungusha mbele ya wenzake kabla ya kulila. Hayo ndiyo malimbuko. Kanisani neno bado liko hai: Biblia inamwita Kristo "limbuko lao waliolala", na Januari ikifika wahubiri wengi hawaachi kuwakumbusha waumini malimbuko ya mshahara wa kwanza wa mwaka.

Kwa hiyo limbukeni ni yule mtoto aliyeunguza mdomo. Mumcheke, sawa, lakini angalieni kalenda. Baada ya wiki mbili mahindi mabichi yamejaa kila jiko, na hakuna anayeunguza mdomo tena. Ulimbukeni una msimu. Mtu hawezi kuwa limbukeni wa kitu kilekile miaka mitano.

Lipo pia neno jirani, tofauti ni irabu moja tu: kulimbika. Hili ni kuacha kitu kijae au kiive kwanza. Unalimbika maji kisimani mpaka yatoshe kuchotwa, unalimbika maembe mpaka yaive. Kutoka huko tukapata kulimbikiza, na malimbikizo, yale ya mishahara, ambayo walimu wanayajua vizuri kuliko mimi. Sidai kwamba kulimbuka na kulimbika ni watoto wa baba mmoja, hilo nawaachia wanaisimu. Ninachojua ni kwamba mshahara wa mpwa wangu unapotelea hapo katikati, kati ya u na i.

Sasa kinachoniudhi. Watu wanasema ulimbukeni wakiwa na maana ya ushamba. Mshamba hajui. Amefika kituo cha mwendokasi, hajui kadi inagusishwa wapi, amesimama katikati ya mlango na watu wanamsukuma. Hiyo ni habari ya kutojua mahali, na dawa yake ni kuuliza. Katika miji ya kale ya pwani, watu wa mjini walijiita waungwana, na mshamba akawa yule wa nje ya mji, hata kama alijua kulima, kuunda na kutibu. Ni neno la jiografia lililotiwa dharau. Ulimbukeni hauulizi kwenu ni wapi. Mzaliwa wa Kariakoo, na bibi yake mzaliwa wa Kariakoo, anaweza kuwa limbukeni wa mazoezi ya gym: siku ya tatu tu ameshanunua viatu vya aina mbili na kila mlo anaupima kwa mizani.

Methali yetu ya maskini akipata matako hulia mbwata nayo imetuharibu. Imetufanya tuamini kwamba ulimbukeni ni ugonjwa wa maskini, na kwa mazoea yetu, ugonjwa wa msichana maskini. Nilipokuwa napanga Tabata, jirani yetu mstaafu alipokea kiinua mgongo akanunua pikapu. Mwezi mzima aliiwasha kwenda duka la Mangi, hatua thelathini kutoka kwake, akashusha kioo na kuagiza sukari nusu kilo bila kutoka kwenye usukani. Watu walisema mzee amechangamka. Angekuwa na miaka 24 na wigi, tungemtafutia jina.

Upande wa pili kuna ubadhirifu na israfu, maneno mawili tuliyopewa na Kiarabu. Ubadhirifu ukiufuata mpaka kwenye mzizi wake unakuta mbegu: kumwaga mali kama mtu anayetawanya mbegu. Shambani tena! Magazeti yameliteka neno hili kwa ajili ya fedha za umma, kila mwaka ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikitoka. Israfu ni kuvuka kiasi. Kurani inawaambia watu wale na wanywe, ila wasifanye israfu. Hapa hakuna suala la mara ya kwanza. Mtu anaweza kufanya israfu miaka thelathini, akiwa amekizoea kila kitu anachonunua.

Nirudi kwa huyu mtoto. Mwezi wa tatu tangu aanze kazi nilikwenda kumsalimia Sinza, chumba na sebule, kodi ya miezi sita imelipwa kwa mkupuo. Kochi lilikuwa bado na nailoni ya dukani. Ilikuwa Februari, na joto lile la Dar, ukikaa unanata, ukiinuka unasikika. "Shikamoo Ma'mdogo. Kaa hapa katikati, huko pembeni nailoni itachanika." Boksi la simu lilikuwa limewekwa kando ya televisheni kama picha ya harusi. Ule ulikuwa ulimbukeni halisi, wala sikumficha, tukacheka wote wawili.

Godoro nalo dada aliliita ulimbukeni, na hapo nakataa kabisa. Mtoto alilala miezi saba kwenye mkeka sebuleni kwa shemeji yake, anatandika watu wakishamaliza taarifa ya habari. Akinunua godoro la inchi nane, hajalimbuka kitu. Amelala.

Haya ya sasa ni mengine. Miaka miwili imepita, nailoni ilishatoka, kochi lina doa la chai. Lakini tarehe kumi haifiki akiwa na hela. Kuna sare ya sendofu ya mwenzake wa ofisini, kuna mchango wa kicheni pati, kuna bajaji ya kila asubuhi ili asionekane akigombania daladala, kuna mkopo wa kwenye simu wa kulipia mkopo mwingine, na marejesho ya kausha damu, ile mikopo ya riba kali, kila Jumatatu. Nilipomuuliza alinijibu akiangalia kucha zake: "Ma'mdogo, ofisini ukirudia gauni ndani ya wiki mbili wanakuuliza kama unaumwa."

Mdomo gani umeungua hapo? Hakuna kipya anachoonja. Kila shilingi anajua inakwenda wapi na nani anatakiwa kuiona. Ukimwita limbukeni unamsingizia ugeni alioumaliza zamani, na zaidi unampa matumaini kwamba mambo yatapita yenyewe, kama mahindi mabichi yanavyopita.

Nikamjibu dada kwa sauti, nikijitahidi nisizidi dakika moja. Dada, godoro halikuwa ulimbukeni. Kochi ndiyo, lakini ule uliisha siku nailoni ilipobanduliwa. Haya ya bajaji na sare ni israfu, na ukimpigia mwambie neno hilohilo, maana hilo analielewa na mnaweza kukaa mkapiga hesabu.

Alikaa kimya mpaka jioni, kisha akajibu kwa maandishi: "Sawa mwalimu. Kwani lile kochi alinunua wapi?"