Je, wajua? Kwa nini amani ya Wajir ilianza kwa wauza maziwa

Siku hizi sehemu nyingi za Kenya zina kamati ya amani: wazee, wanawake, vijana, mashehe, wachungaji na maafisa wa serikali wanaokutana mara tu dalili za fujo zinapoonekana. Wengi hudhani ni mpango uliobuniwa Nairobi baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007. Chimbuko lake hasa ni Wajir, huko kaskazini mashariki kwa Wasomali, tena miaka 14 kabla ya machafuko hayo. Walioianzisha ni wanawake wachache wasio na ofisi wala cheo, na walianzia sokoni.

Kwa nini sokoni? Tuanze na vita vyenyewe. Kati ya 1992 na 1995 koo za Wajir, hasa Ajuran, Degodia na Ogaden, ziliuana vibaya. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni zaidi ya watu 1,200. Mambo mengi yaligongana kwa wakati mmoja. Januari 1991 serikali ya Siad Barre ya Somalia ilianguka Mogadishu, na Mei mwaka huohuo Mengistu, mtawala wa Ethiopia, akakimbia Addis Ababa, bunduki zikamiminika mpakani. Ukame ukamaliza mifugo. Kisha ukaja uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992, na mvutano wa kiti cha ubunge cha Wajir Magharibi ukawa mvutano wa malisho na visima, kwa kuwa ukoo wenye mbunge ndio ulioonekana kuwa mwenyeji na waliobaki wakaitwa wageni.

Sasa, Wajir wanaouza maziwa ya ngamia ni wanawake. Vita vilipoingia mjini, mwanamke wa ukoo huu hakununua tena kwa mwanamke wa ukoo ule, na wengine walizuiwa kabisa kuingia sokoni. Mtu anaweza kuona hilo ni dogo likilinganishwa na mauaji, lakini kwa familia iliyopoteza mifugo, maziwa yasipouzwa leo hakuna chakula cha usiku. Kikundi kidogo cha wanawake wa koo mbalimbali, akiwemo mwalimu Dekha Ibrahim Abdi, kikakubaliana kwamba mwanamke wa ukoo wowote atauza na kununua bila kubughudhiwa. Wakaweka watu wao wa kuangalia soko na kusikiliza malalamiko kabla hayajawa ugomvi.

Makubaliano hayo yao ndiyo yaliyoweza kuvuka mipaka ya koo kwa sababu ya ndoa. Msichana wa Kisomali mara nyingi huolewa nje ya ukoo wa baba yake. Vita vikianza, kaka zake wako upande mmoja, wanawe upande mwingine. Mwanamume anaweza kuchagua upande. Mwanamke, kila risasi inamhusu. Dekha, aliyezaliwa Wajir 1964, alikuwa akisimulia jinsi alivyojificha na mtoto wake usiku wa milio ya risasi, na asubuhi mama yake akamwambia kuwa na yeye alimficha Dekha vivyo hivyo katika miaka ya 60, wakati wa vita vya Shifta, Wasomali wa kaskazini walipopigania kujitenga na Kenya.

Hata hivyo, mama muuza maziwa hawezi kumwamuru kijana mwenye bunduki porini. Kwa desturi hiyo ni kazi ya wazee, nao wazee wa koo kubwa walikuwa hawaketi pamoja. Hapa wanawake walitumia akili ambayo mimi naiona ndiyo kiini cha kisa chote: waliwaendea wazee wa ukoo mdogo, usio na upande wala tamaa ya kiti, wakawaomba wao ndio wawaite wenzao. Hakuna aliyeweza kulalamika kwamba ameitwa na adui yake. Mazungumzo hayo yakazaa Azimio la Al Fatah, Septemba 1993.

Azimio hilo halikuwataka watu wapendane. Lilirudi kwenye sheria za jadi, hasa fidia ya damu, diya, ambayo ukoo mzima huchanga kulipia kosa la mtu wake. Ukijua utatoa ngamia wako kwa ajili ya upuuzi wa binamu yako, utamkanya mapema. Na aliyefiwa akishalipwa, ukoo wake hauna tena sababu ya kulipiza. Kazi kubwa ikawa kuwahi: ikisikika kwamba ngamia wameibwa au mchungaji ameuawa, timu ya wazee, wanawake na viongozi wa dini ilikwenda huko mara moja, hata pamoja na maafisa wa usalama, ili kosa la mtu mmoja lisiwe la ukoo mzima.

Mwaka 1995 serikali ikaiingiza kamati ya amani iliyotokana na kazi hiyo katika mipango ya maendeleo ya wilaya, mkuu wa wilaya akiwa mwenyekiti. Mfano ukasambaa. Azimio la Modogashe la 2001 liliweka viwango kwa wilaya kadhaa za kaskazini, na makubaliano ya kitaifa ya 2008, yaliyomaliza machafuko ya uchaguzi, yakafungua njia ya kamati hizi kuenea nchi nzima.

Dosari zipo, tena si ndogo. Modogashe ilipanga ng'ombe au ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke, jambo la kushangaza kwa mfumo uliochochewa na wanawake. Isitoshe, kwa sheria za Kenya mauaji ni kesi ya jinai, si deni la mifugo, na muuaji ambaye ukoo wake umelipa anaweza kuendelea kutembea mtaani. Wala damu haikukoma: mwaka 2014 koo za Garre na Degodia zilipigana kwenye mpaka wa Mandera na Wajir.

Zaidi ya yote kuna Wagalla. Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya wanaume wa Degodia kwenye uwanja wa ndege ulio karibu na mji wa Wajir na kuwaua. Serikali ilitaja vifo 57, manusura wanasema ni mamia mengi, wengine wanasema maelfu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilieleza mauaji hayo katika ripoti iliyokabidhiwa kwa Rais Mei 2013. Diya hudaiwa na ukoo kwa ukoo. Serikali ikiwa ndiyo iliyoua, wazee wa Wajir hawana wa kuketi naye chini ya mti.