Ongezeko la Walatino na uchumi wa jimbo: hesabu ya North Carolina

Mwaka 1990 sensa ya Marekani ilihesabu Walatino 76,726 katika jimbo la North Carolina. Miaka kumi baadaye walikuwa 378,963. Mwaka 2010 wakafika 800,120, na mwaka 2020 wakavuka milioni 1.1, yaani zaidi kidogo ya mtu mmoja katika kila kumi. Jimbo hilo la kusini lilikuwa limezoea kujihesabu kwa Weupe na Weusi. Haikuchukua muda watu wakaanza kuulizana: hawa wageni wanatuingizia fedha au wanatumalizia?

Jibu la swali hilo ndilo linaloitwa athari ya kiuchumi ya ongezeko la watu. Ni tofauti ambayo kundi fulani linaleta katika mapato, ajira, mishahara, kodi na matumizi ya serikali, ukilinganisha na hali ambayo ingekuwepo kama kundi hilo lisingekuwepo. Ugumu uko hapo mwishoni, kwa sababu North Carolina isiyo na Walatino haipo mahali popote pa kwenda kuipima. Lazima ikadiriwe.

Walatino wenyewe si taifa moja wala rangi moja. Ni watu wenye asili ya Amerika ya Kusini na ya Kati, Meksiko na visiwa vya Karibi, na sensa ya Marekani, hadi ile ya mwaka 2020, iliuliza asili hiyo katika swali la peke yake, mbali na lile la rangi. Waliofika North Carolina miaka ya 1990 wengi walitoka Meksiko na Amerika ya Kati, wakifuata kazi: kuvuna tumbaku na viazi vitamu, kukata miti ya Krismasi milimani magharibi mwa jimbo, kujenga nyumba Charlotte na Raleigh, na kuchinja kuku katika miji midogo kama Siler City. Hawakuvamia. Waajiri waliwahitaji, na baadhi waliwatafuta.

Mwaka 2006 wasomi wawili wa Chuo Kikuu cha North Carolina, John Kasarda na James Johnson, walitoa utafiti uliojaribu kufunga hesabu hiyo kwa takwimu za mwaka 2004. Nauchukua kama mfano kwa sababu ndani yake kuna majibu mawili yanayoonekana kupingana.

Jibu la kwanza linahusu bajeti ya serikali. Walikadiria kwamba Walatino walichangia kodi ya dola milioni 756 kwa mwaka, na wakagharimu dola milioni 817: milioni 467 kwa shule, milioni 299 kwa matibabu, na milioni 51 kwa magereza na shughuli zake. Pengo ni dola milioni 61, sawa na dola 102 kwa kila Mlatino. Aliyetaka kuwafukuza alikuwa na namba yake tayari.

Jibu la pili linahusu uchumi mzima: mchango wao ulizidi dola bilioni 9 kwa mwaka. Namba hiyo inatokana na kile wachumi wanachokiita kizidishi. Fundi matofali wa Charlotte akilipwa Ijumaa, sehemu ya fedha inakwenda kwa mwenye nyumba, sehemu kwa duka la vyakula, sehemu kwa fundi gari. Hao nao wana watu wa kuwalipa na bidhaa za kununua. Yapo majedwali yanayoonyesha kila sekta hununua kiasi gani kutoka kwa nyingine, na kwa majedwali hayo unafuata dola mpaka inapokwisha nguvu. Kabla ya kuanza, watafiti huondoa kwenye hesabu fedha inayowekwa akiba na ile inayotumwa nyumbani, kwa kuwa dola iliyofika Guanajuato, jimbo la Meksiko, hainunui kitu Raleigh.

Namba za kizidishi zisomwe kwa tahadhari. Kundi lolote la watu laki sita, kama walivyokuwa Walatino hao mwaka 2004, wanaokula, wanaopanga nyumba na kununua magari litakupa mabilioni, liwe la Walatino au la wastaafu kutoka New York. Namba hiyo inaonyesha ukubwa wa fedha inayopita mikononi mwao. Haionyeshi kwamba wasingekuwepo fedha yote ingepotea.

Kwa nini basi bajeti ina pengo huku uchumi ukinufaika? Kwa sababu gharama na faida haziangukii mfuko mmoja. Shule hulipwa na jimbo na kaunti, na tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa mwaka 1982 katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, shule ya umma haiwezi kumkataa mtoto kwa sababu hana kibali cha kuishi nchini. Makato ya hifadhi ya jamii yanayotoka kwenye mshahara wa baba yake yanakwenda Washington, kwa serikali kuu ya Marekani. Faida ya kazi yake inabaki kwa mwenye machinjio, mwenye kampuni ya ujenzi, na mnunuzi wa nyumba.

Utafiti ule ule ulikadiria kwamba waajiri wa North Carolina waliokoa dola bilioni 1.9 kwa mishahara midogo ya Walatino, ukaeleza hilo kama nguvu ya ushindani ya jimbo. Mimi naliona kwa jicho jingine: kilichookolewa na mwajiri kilikosekana mfukoni mwa mfanyakazi, na huenda pia mfukoni mwa mwenyeji asiyemaliza sekondari anayegombea kibarua kile kile. Kuhusu huyo wa mwisho wachumi hawajapatana. David Card alichunguza Wakuba waliomiminika Miami mwaka 1980 na hakuona mishahara ya wenyeji ikishuka. George Borjas akarudia kesi hiyo miaka mingi baadaye, akawatazama tu wasiomaliza sekondari, akaona imeshuka sana.

Mengine hayakai vizuri kwenye jedwali lolote. Katika mji wa Durham, wafanyakazi wa Kilatino waliokuwa wakitembea na fedha taslimu kwa kukosa akaunti za benki walikuwa wakiporwa ovyo. Mwaka 2000 ukaanzishwa ushirika wa akiba na mikopo, SACCOS kwa lugha yetu ya kila siku, ambao baadaye ulifungua matawi miji mingine ya jimbo na kukopesha watu fedha za kununua nyumba.

Halafu kuna suala la muda. Hesabu ya mwaka mmoja humwandika mtoto wa darasa la kwanza kama gharama tupu. Aliyekuwa darasa la kwanza mwaka 2004 leo ni mtu mzima anayefanya kazi na kukatwa kodi, na wengi wa watoto hao ni raia waliozaliwa Marekani. Ripoti ya Akademia za Kitaifa za Sayansi ya mwaka 2016 iliona mtindo huo nchi nzima: wahamiaji wa kizazi cha kwanza huzigharimu serikali za majimbo na mitaa, hasa kwa elimu ya watoto wao, na watoto hao wakishakua wanakuwa miongoni mwa wachangiaji wakubwa wa kodi.