Umri wa mwamba: tangu lini, na tangu nini?

Kuna atomi zisizotulia. Kiini chake huvunjika chenyewe, na atomi hugeuka kuwa ya elementi nyingine. Tabia hiyo ndiyo unururifu. Urani-238 hupita hatua nyingi na kuishia kuwa risasi-206 (namba hizo hutofautisha aina za elementi moja). Potasiamu-40 kwa sehemu kubwa huwa kalsiamu, na karibu moja katika kila kumi huwa gesi ya arigoni. Hakuna ajuaye atomi fulani itavunjika lini, ila zikiwa matrilioni kwa pamoja mwendo wao hautikisiki: nusu ya potasiamu-40 huisha kila miaka bilioni 1.25, nusu ya urani-238 kila miaka bilioni 4.47. Muda huo huitwa nusu-uhai. Ukihesabu elementi mama iliyobaki na zao lake lililokwisha kujikusanya ndani ya jiwe, unaweza kupiga hesabu ya kurudi nyuma.

Hesabu si ngumu. Ubishi umo katika mambo matatu tunayoyachukulia kuwa kweli: kwamba mwendo wa kuvunjika haujabadilika, kwamba tunajua zao lilikuwa kiasi gani mwanzoni, na kwamba tangu hapo hakuna kilichoingia wala kutoka. Wanaoipinga njia hii huyataja matatu hayo kana kwamba yalikuwa siri. Wapimaji wenyewe ndio wanaoshinda wakiyahangaikia.

La mwendo halinisumbui sana. Joto na mgandamizo wa ndani ya dunia haviwezi kufanya lolote la maana kwenye kiini cha urani. Na mwaka 1987 ilionekana nyota iliyolipuka katika galaksi jirani, mbali kiasi kwamba mwanga wake ulikuwa umesafiri takriban miaka 168,000. Mwanga huo, uliochochewa na kuvunjika kwa kobalti-56, ulififia kwa mwendo uleule ambao elementi hiyo huvunjika nao maabara leo, nusu yake kila siku 77 hivi.

La pili linahitaji ujanja, na hapa sifa ni ya zirkoni, madini ya fuwele ndogo ndani ya miamba. Chukua punje moja, upana wake kama sehemu ya kumi ya milimita. Ilipokuwa ikiganda ndani ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka, umbo la fuwele yake lilikuwa na nafasi ya atomi za urani lakini liliikataa risasi. Kwa hiyo risasi unayoikuta humo leo, karibu yote imezaliwa humo humo. Na kwa jambo la tatu, punje hiyo ina saa mbili: urani-238, na urani-235 ambayo nusu-uhai wake ni miaka milioni 704 na huishia kwenye risasi ya aina nyingine. Risasi ikivuja, saa mbili hizo huacha kukubaliana, na mpimaji anajua kuna tatizo kabla hajaandika umri wowote. Mimi sijui njia ya kuhukumu ushahidi iliyo nzuri kuliko hiyo: mashahidi wawili, maelezo yao yalinganishwe. Punje za namna hii kutoka Jack Hills, Australia, zimefika miaka bilioni 4.4.

Arigoni ni kigeugeu zaidi kwa kuwa ni gesi. Lava ikiwa bado uji hutoroka, na saa huanza sifuri; jiwe likipashwa joto tena baadaye hutoroka tena, na saa huanza upya. Ndiyo maana mtu akikutajia umri wa mwamba, muulize: tangu nini? Tangu fuwele igande? Tangu mwamba upoe? Mchanga uliogeuka jiwe utakupa umri wa punje zake, ambazo huenda zilizaliwa mamilioni ya miaka kabla ya jiwe lenyewe. (Na kaboni-14, ambayo watu huitaja kila mada hii inapozuka, haihusiki kabisa: nusu-uhai wake ni miaka 5,730 tu, na hupima vilivyowahi kuwa hai.)

Mambo yakienda sawa, arigoni husema kweli hata kwa miamba michanga. Fuwele za mlipuko wa volkano ya Vesuvius, Italia, wa mwaka 79 zilipimwa, na majibu yaliyotolewa mwaka 1997 yalikuwa miaka 1,925, kosa la kiasi cha miaka 94 huku au kule. Umri halisi ulikuwa 1,918.

Yakienda kombo, hutokea kama ilivyotokea Koobi Fora, kando ya Ziwa Turkana. Tabaka la majivu ya volkano liitwalo KBS lilipopimwa mara ya kwanza lilitoa zaidi ya miaka milioni 200, kwa sababu punje za miamba ya kale zilikuwa zimechanganyika humo. Jibu hilo likatupwa, fuwele zikachaguliwa upya, na mwaka 1970 ukachapishwa umri wa milioni 2.6. Mwaka 1972 fuvu la jamaa wa kale wa binadamu, lililopewa namba KNM-ER 1470, likapatikana chini ya tabaka hilo na kutangazwa kuwa na karibu miaka milioni 3. Waliogoma ni wachunguzi wa mabaki ya nguruwe wa kale: mabaki ya nguruwe yaliyo chini ya KBS yalifanana na ya bonde la Omo, Ethiopia, ambako tabaka zake zilikuwa na miaka milioni 2 hivi. Ubishi ulidumu miaka kumi na ushei, maabara moja baada ya nyingine ikipima upya. Leo tabaka la KBS huandikwa miaka milioni 1.88, na fuvu lile takriban milioni 2.