Baridi ndefu ya ulimwengu wa kubuni

Wengi huamini kwamba sayari ya hadithini yenye baridi ya miaka mingi, isiyotabirika, imesogea tu mbali na jua lake. Hata hivyo, Dunia yetu huwa karibu zaidi na Jua mapema Januari, kilomita milioni 147, Ulaya ikitetemeka; mapema Julai ni milioni 152. Majira huletwa na mhimili wa Dunia, mstari inaouzunguka, ulioinama nyuzi 23.4. Kuona hilo, simamisha kijiti cha mita moja Dar es Salaam, jua likiwa juu kabisa: Juni 21 kivuli huelekea kusini, sentimita 58 hivi, Desemba 21, kaskazini, sentimita 30. Njia ya sayari kuzunguka jua lake, ikirefuka kama yai, ingerefusha baridi, ila kwa ratiba ileile kila mzunguko. Mwandishi anayetaka baridi ya ghafla atumie volkano: Tambora, Indonesia, ililipuka 1815, na mwaka uliofuata Ulaya magharibi ikakosa joto la kiangazi, mazao yakaharibika.