Anayejitolea Hajitolei Peke Yake: Dhana Potofu Kuhusu Kujitolea na Familia

Nikiwa darasa la tatu, kitongoji chetu wilayani Muheza kilimchagua mama yangu kuwa mhudumu wa afya wa kujitolea. Mkoba wake ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumbani: daftari la kaya, kalamu mbili na utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Mengi yalisemwa juu ya kazi ile, mengine na majirani, mengine na ndugu zetu wenyewe wakiwa wameketi kwenye mkeka wetu. Mengi hayakuwa kweli, na hadi leo nayasikia.

Dhana: Anayejitolea ni mtu asiye na shughuli.

Mama aliamka saa kumi na moja alfajiri, akapalilia mihogo kabla jua halijawa kali, akarudi kupika uji, ndipo saa tatu akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Mkutano wa kijiji hauchagui mtu aliyekaa bure. Unamtaka anayejua kusoma na kuandika, ambaye akibisha hodi kwa mzazi mchanga atakaribishwa ndani. Mtu wa namna hiyo kwa kawaida ana shamba, ana kikundi cha kukopeshana, na kila penye msiba anatafutwa yeye.

Dhana: Kujitolea hakuna gharama.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Mtoto wa jirani anaharisha na kutapika saa saba usiku, mtu anagonga dirisha. Mama anajifunga khanga na kuchukua pakiti za maji chumvi. Baba naye anaamka kushika tochi, maana njia ya mtoni si ya mwanamke kupita peke yake usiku. Dada yangu mkubwa anabaki na mdogo wetu anayelia, na asubuhi ni yeye anayewasha moto na kuchelewa namba shuleni. Siku hiyo kwenye orodha ya zahanati jina lilikuwa moja. Waliofanya kazi walikuwa watatu.

Halafu kuna hela. Vocha ya kumpigia mganga wa zahanati, sabuni, nauli ya bodaboda ya mjamzito ambaye mumewe hayupo. Vyote vilitoka kwenye fedha ya machungwa, ile ile ya daftari zetu. Baba hakuwahi kuulizwa na mtu yeyote kama amekubali.

Dhana: Ukimlipa anayejitolea, moyo wake unakufa.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu wahudumu wa afya ngazi ya jamii, likashauri walipwe kulingana na uzito wa kazi, saa zao, mafunzo na majukumu wanayobeba. Kenya ilizindua upya wahudumu wake Septemba 2023, zaidi ya 100,000, kwa posho ya shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, mzigo ambao serikali kuu na kaunti zinagawana. Tanzania nayo ilizindua mpango wake Januari 2024, ukilenga wahudumu zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Posho hizi si utajiri. Lakini nauli ikitoka mfuko mwingine, ndani ya nyumba ugomvi mmoja unapungua, na mwanamke anatoka nyumbani kwake bila kinyongo cha mtu. Sijaona moyo ukifa kwa hilo. Niliowaona wakikata tamaa walichoka kukopa vocha.

Dhana: Ukihangaika na watoto wa wenzio, wako wanaharibika.

Utepe ule una rangi tatu. Unazungushwa katikati ya mkono wa kushoto wa mtoto aliyetimiza miezi sita na hajafika miaka mitano. Kijani ni salama. Njano, yaani chini ya sentimita 12.5, ni utapiamlo unaoanza kula mwili. Nyekundu, chini ya 11.5, mtoto apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Mama aliporudi nao kutoka semina, alimpakata mdogo wangu wa mwaka mmoja na nusu, akamzungushia. Ikasoma njano. Akaulegeza, akapima tena. Njano.

Sisi wote tulidhani yule mtoto ni mwembamba tu kama shangazi yake. Tangu siku ile uji wa nyumbani ulianza kutiwa karanga zilizotwangwa, na dagaa hawakukosekana kwenye mboga. Kama mama asingejitolea, sijui nani angetuambia.

Lakini nisiseme kwamba wanaolalamika hawana haki kabisa. Zipo siku tulirudi shule tukakuta jiko limepoa. Zipo siku baba alinyamaza chakula kizima. Kilichosaidia ni kukaa chini na kupanga: ziara Jumanne na Ijumaa, siku nyingine ni dharura tu, na mimi nikafundishwa kusonga ugali. Mtoto wa kiume kusonga ugali ilikuwa habari ya mtaa.

Dhana: Kazi yake ni yake, familia haihusiki.

Nyumba yetu ilisikia mengi. Mtu anakuja jioni kuuliza habari za dawa za kifua kikuu, na kati yake na mimi ni ukuta wa udongo. Mama alituita sote, hata wa darasa la kwanza, akasema yanayosikika humu ni amana. Mtoto wa mhudumu akiropoka shuleni, mgonjwa hataleta tena mguu wake, na dawa anaacha.

Dhana: Kumuuguza bibi yako ni kujitolea.

Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi walipokutana chini ya Shirika la Kazi Duniani, walikubaliana kwamba kazi ya kujitolea ni ile isiyo ya lazima wala malipo, inayofanywa kwa wasio wa kaya yako wala jamaa zako. Kumwogesha bibi ni wajibu na mapenzi. Najua kwetu ujamaa hauna mpaka, lakini tofauti hiyo ina faida: inatukumbusha kwamba anayetoka kwenda kwa jirani amekwisha kufanya zamu ya kwanza nyumbani.

Mwaka jana kitongoji kilichagua mhudumu mpya, dada wa miaka ishirini na kitu. Watu walikuwa wameshaanza kupiga makofi mama aliposimama kuuliza kama mumewe yupo mkutanoni. Kijana akanyoosha mkono kutoka nyuma, chini ya mwembe. Mama akamwomba asogee mbele, akamweleza habari ya tochi.