Tangi ambalo "halijawahi kujaa"

Wenye nyumba wa Kampala wana sifa moja wanayopenda kunisimulia: "Mhandisi, mimi tangu nihamie hapa sijawahi kuita gari la kunyonya choo." Wanangoja niwapongeze. Mimi huuliza mfuniko wa tangi la choo uko wapi, na mara nyingi naambiwa uko chini ya matofali ya uani, pale gari linapoegeshwa.

Kazi yangu ni kupima gesi zinazotoka vyooni. Watu wakishamaliza kucheka huuliza kama nazungumzia ile harufu. Hapana. Harufu inaletwa hasa na haidrojeni salfaidi. Ninayoipima mimi ni methani, ambayo haina harufu wala rangi. Ndani ya tangi vizito huzama, mafuta hugandamana juu yakawa ukoko, na oksijeni hakuna. Vijidudu visivyohitaji hewa ndivyo vinavyolimeng'enya lile tope, na methani ndiyo vinayoitoa. Tope likikaa miaka, navyo vinaendelea tu. Ukifunua mfuniko utaona viputo vikipasua ukoko kimoja kimoja. Tunaweka beseni kifudifudi lielee hapo, tunavuta hewa iliyonaswa kwa bomba la sindano kila baada ya dakika chache, kisha maabara inatuonyesha methani inaongezeka kwa kasi gani. (Tafadhali, usiwashe kiberiti kuchungulia tangi. Wala usimruhusu kijana wa kibarua ashuke ndani. Gesi za humo huua kabla mtu hajapiga kelele.)

Ni nyingi kiasi gani? Nikitumia makadirio ya miongozo ya 2006 ya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, familia ya watu sita yenye tangi la septiki (ndilo hili tangi la choo) hutoa takriban kilo 24 za methani kwa mwaka. Kwa kipindi cha miaka 100, methani huongeza joto la dunia karibu mara 28 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa. Kwa hiyo ni kama kilo 680 za hewa ukaa, sawa na kuchoma karibu lita 300 za petroli. Muulize bodaboda wa mtaani kwenu hizo angezitumia miezi mingapi.

Sasa ipe familia hiyohiyo choo cha shimo kikavu, maji ya ardhini yakiwa mbali chini: hesabu inashuka hadi kilo 5 hivi. Lihamishie shimo hilo Bwaise, mtaa wa bondeni hapa Kampala, ambako ukichimba kidogo tu unakutana na maji na vyoo hujengwa juu mpaka mtu apande ngazi, inafika kilo 34. Watu ni walewale na chakula ni kilekile. Kilichobadilika ni maji yaliyofukuza hewa. Ndiyo maana sipendi kusikia wapangaji wa mabondeni wakilaumiwa. Hawakuchagua kina cha maji. Mvua ikinyesha, wapo wanaotoboa shimo tope liende na mtaro, na baadhi ya mitaro ya Kampala huishia ziwani Victoria.

Utafiti wa Kampala uliochapishwa 2022 ulikadiria kuwa mfumo wa vyoo na majitaka jijini hutoa gesijoto sawa na tani 189,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Asilimia 49 ilitokana na kinyesi kukaa muda mrefu kwenye matangi yaliyofungwa. Asilimia 31 ilikuwa methani isiyokusanywa kwenye mitambo ya kusafisha majitaka. Hiyo ya pili ndiyo inayonikera, maana mwenye nyumba hana la kuifanya. Mtambo wa Bugolobi una matangi ya kumeng'enyea tope, na gesi yake inaweza kuzalisha umeme. Mtambo wa Lubigi, ulioanza kazi 2014, unatumia mabwawa yaliyo wazi, gesi inapaa zake. Kumsihi mtu anyonye tangi halafu tope likamalizie kutoa gesi bwawani ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ni ya serikali.

Hata hivyo tangi lako ni lako. Mimi hushauri linyonywe kila baada ya miaka miwili au mitatu, hata kama choo kinapitisha maji vizuri. Tope likizidi, nafasi ya maji hupungua na uchafu hukimbilia kwenye lile shimo ambalo maji ya tangi huzamia ardhini, hadi lizibe, na hiyo gharama utaisikia. Muulize dereva anakwenda kumwaga wapi. Anayeng'ang'ania bei ya chini huku akikwepa swali hilo, mwache aende. Na kama ndiyo kwanza unajenga, mwambie fundi mfuniko ubaki juu ya ardhi, mahali ambapo mpira wa kunyonyea wa gari utafika kutoka getini.